LETE USHAHIDI, MZEE!

Kiswahili chetu kina ukarimu wa ajabu kwa sumu. Kinachoua panya tunakiita dawa ya panya. Kinachoua mende, dawa ya mende. Mkulima akinyunyizia shamba ili magugu yakauke, tunasema amepiga dawa. Neno sumu tunaliweka akiba mpaka pale mtu atakapokuwa amelala mochwari.

Basi jeshi la Marekani nalo lilikuwa na ukarimu wa namna hiyo hiyo, kwa lugha yake. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1971 ndege zake zilimwaga juu ya misitu na mashamba ya Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za kile kilichoitwa dawa ya majani. Lengo: miti ipukutike ili adui aonekane, na mimea ya chakula ikauke ili adui ashinde njaa. Iliyotumika zaidi kuliko zote ilijazwa kwenye mapipa yenye mstari wa rangi ya chungwa, ndiyo ikaitwa Agent Orange. Vijana walioyasukuma mapipa yale, waliopita chini ya miti iliyokuwa ikichuruzika, waliooga maji ya mto ule ule, waliambiwa haina neno. Ni dawa ya magugu tu, bwana. Itamdhuru nani?

Agent Orange ilikuwa mchanganyiko wa dawa mbili, 2,4-D na 2,4,5-T. Hii ya pili, wakati wa kutengenezwa kiwandani, huzaa uchafu uitwao dioksini, mojawapo ya sumu kali kabisa ambazo binadamu amewahi kuzitengeneza, na hapo wala hakukusudia kuitengeneza. Dioksini haiondoki upesi. Hukaa kwenye tope, ikapanda kwa samaki na bata, ikaingia katika mafuta ya mwili wa mlaji na kutulia humo miaka na miaka. Makampuni yaliyoliuzia jeshi bidhaa hiyo yanajulikana kwa majina. Dow na Monsanto yamo.

Ndugu msomaji, makala hii ni ugomvi, na nisikufiche nagombana na nini. Nagombana na neno moja tamu sana masikioni: ushahidi.

Hebu mfuate askari huyo. Amerudi nyumbani mzima, ana viungo vyake vyote, ameoa. Miaka kumi baadaye ngozi inamtoka malengelenge, au tezi zinavimba shingoni, au mtoto amezaliwa na uti wa mgongo usiofunga. Anakwenda kwenye dirisha la ofisi ya mafao. Karani wala hamtukani. Anamwambia kwa upole kabisa: Lete ushahidi, mzee. Onyesha ni siku gani ulinyunyiziwa, ni ndege ipi, kiasi gani kilikupata. Kisha lete daktari wa kuapa kwamba saratani hii imetokana na dawa ile, si sigara wala urithi wa babako.

Haya, kumbukumbu za ndege ziko kwa nani? Kwa jeshi. Fomula ya dawa iko kwa nani? Kwa kiwanda. Vipimo vya damu vya mwaka ule aliokuwa porini viko wapi? Havikupimwa na mtu. Yule anayeumwa ndiye anayetakiwa kuleta karatasi ambazo mwenye kumuumiza amezikalia. Yeyote ambaye amewahi kumsindikiza mzazi wake kufuatilia kiinua mgongo anaujua wimbo huu, hata kama mzazi wake hakuwahi kushika bunduki: faili halionekani, mhusika yuko safarini, njoo Jumatatu. Kule Marekani danadana hii ilichezwa kwa lugha ya kisayansi. Hiyo tu ndiyo tofauti.

Walioufungua mlango huu hawakuwa majenerali. Mwaka 1977 mama mmoja Mmarekani mweusi, Maude deVictor, alikuwa mshauri wa mafao katika ofisi ya askari wastaafu mjini Chicago. Alipokea shauri la mjane ambaye mumewe alifia saratani huku akisema ni zile kemikali za Vietnam. Dai lilikataliwa. Mama huyu hakufunga faili na kwenda kunywa chai. Alianza kuuliza kila mgonjwa aliyefika mezani kwake: ulikuwa wapi, uliona nini, unaumwa nini. Akaandika. Majibu yakarundikana mpaka yakawa na sura moja. Mwezi Machi 1978 mtangazaji Bill Kurtis wa televisheni ya hapo Chicago akayarusha hewani, na ghafla wanaume katika kila pembe ya nchi wakagundua kwamba ugonjwa uliowafungia vyumbani haukuwa mkosi wa mtu mmoja mmoja. Mwaka huo huo kijana mmoja, Paul Reutershan, aliyekuwa katika helikopta huko Vietnam, aliwaambia watu kwenye televisheni kwamba yeye alikwisha kufa Vietnam, ila hakujua. Alifungua kesi dhidi ya watengenezaji. Desemba 1978 akafariki. Alikuwa na miaka 28.

Sasa serikali ilifanyaje? Ilituma watafiti, na hapo ndipo ushahidi ulipogeuzwa kichaka cha kujifichia. Uchunguzi mkubwa uliokabidhiwa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa ulivunjwa mwaka 1987 kwa maelezo kwamba kumbukumbu za jeshi hazitoshi kujua nani alipatwa na dawa na nani hakupatwa. Umeisikia hiyo? Jeshi halikuandika vizuri, kwa hiyo mgonjwa ndiye anayekosa. Mwaka 1990 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani yenyewe ilitoa ripoti ikilalamika kwamba sayansi ile ilikuwa na kasoro na kwamba siasa ilitia mkono wake ndani.

Yupo mtu ambaye kisa chake kinatosha riwaya nzima. Admirali Elmo Zumwalt aliongoza vikosi vya majini katika mito ya Vietnam. Vijana wake walikuwa wakipigwa risasi kutoka vichakani kwenye kingo, naye akaagiza kingo zile zinyunyiziwe. Mmoja wa makamanda wa boti zile alikuwa mwanawe wa kumzaa, mwenye jina lile lile. Mtoto akapata saratani ya tezi akafa mwaka 1988, umri wake miaka 42. Mjukuu alizaliwa na matatizo ya kujifunza. Mzee hakuwahi kusema kwamba amri yake ilikuwa kosa. Alishikilia kwamba ile dawa iliokoa maisha ya mabaharia wengi, na pengine ni kweli. Lakini mwaka 1990 alimwandikia waziri wa askari wastaafu ripoti kali akisema kwamba magonjwa mengi ya wapiganaji yanahusiana na dawa ile na kwamba tafiti za serikali zilichezewa. Mtu aliyetoa amri ndiye aliyesimama kudai walipwe. Wale ambao hawakuwahi kusikia hata harufu ya pipa waliendelea kuomba ushahidi.

Makampuni yalitulizana na wagonjwa mwaka 1984, kesi isianze kusikilizwa, kwa dola milioni 180. Ukisikia hivyo harakaharaka utadhani watu wametajirika. Zilipogawanywa kwa askari na wafiwa wapatao 52,000, kila mmoja kwa wastani alipata kama dola 3,800. Bei ya gari lililokwisha chakaa. Na hakuna kampuni iliyokubali kosa.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1991, aliyoitia saini Rais George Bush mkubwa tarehe 6 Februari. Nakuomba uielewe sheria hii, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Haikusema tumethibitisha kwamba dawa hii imemuua Fulani. Ilisema: ukiwa ulihudumu Vietnam katika miaka ile, tutachukulia kwamba dawa ilikupata. Na ukiumwa ugonjwa ulio kwenye orodha, tutachukulia kwamba umetokana na huduma yako, mpaka pawepo sababu ya kusema vinginevyo. Basi. Mzigo wa kuthibitisha ukatoka kichwani kwa mgonjwa ukatuliwa kichwani kwa serikali. Wanasayansi wa akademia ya taifa wakapewa kazi ya kuipitia orodha kila baada ya muda, na orodha ikakua: mwaka 2001 kisukari, mwaka 2010 Parkinson na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wako watakaosema huo ni ulegevu, kwamba yupo aliyepata kisukari kwa soda na keki zake mwenyewe naye analipwa. Yupo, bila shaka. Lakini mahali ambapo hakuna anayeweza kujua kwa hakika, mmoja lazima aibebe hasara ya kutojua. Abebe nani? Aliyeamuru, aliyekuwa na daftari, aliyekuwa na maabara? Au aliyeamriwa?

Tangu uvuvi wa sprayi ulipokoma mwaka 1971 hadi sheria hiyo ni miaka 20. Kijana aliyekuwa na miaka 19 mwaka 1969 alikuwa na 41 sheria ilipopita. Wangapi hawakuifika 41?

Na wala vita havikuishia hapo, kwa sababu mtu akilazimishwa kufungua mlango atatafuta mahali pa kujenga uzio. Mwaka 2002 idara ikaamua kwamba anayestahili ni yule tu aliyekanyaga ardhi ya Vietnam kwa miguu yake. Mabaharia waliokuwa kwenye meli kubwa pwani, maelfu kwa maelfu, wakaambiwa hawamo. Eti dioksini ikifika ufukweni husimama, ikavua viatu, ikarudi bara! Na mwaka huo huo watafiti wa Australia walikwisha kuonyesha kwamba mitambo ya meli, ile inayogeuza maji ya bahari yawe ya kunywa, haiiondoi dioksini bali huikusanya ikawa nyingi zaidi katika maji ya kunywa. Mabaharia walikunywa, wakapikia, wakaogea. Mahakama ya rufani ikaubariki uzio huo mwaka 2008. Januari 2019 mahakama ile ile ikageuza uamuzi wake, na mwezi Juni sheria ikawaingiza mabaharia waliokuwa ndani ya maili 12 za pwani, ianze kutumika tarehe 1 Januari 2020. Yule kijana wetu wa 1969 alikuwa na miaka 69. Presha je? Wanasayansi walikiri mwaka 2018 kwamba ushahidi wa kuihusisha na dawa zile umetosha. Mafao ya presha yakaja kwa sheria ya mwaka 2022. Hapo alikuwa na 72, kama bado alikuwepo.

Nimeshasikia mtu akisema hayo ni mambo ya kale, dunia imejifunza. Imejifunza nini? Njoo Irak na Afghanistan. Kambi za jeshi huzalisha taka nyingi kama mji. Zikachimbwa shimo, taka zikatupwa humo: plastiki, betri, matairi, rangi, vifaa vya hospitali, kinyesi, kisha vikamwagiwa mafuta ya ndege na kutiwa kiberiti. Shimo la kambi ya Balad, Irak, lilikuwa na ukubwa wa kama ekari 10 na liliwaka usiku na mchana. Msomaji wa Dandora hahitaji kuelezwa moshi huo una ladha gani mdomoni alfajiri. Askari walilala karibu nao, wakakimbia mazoezi ndani yake, wakakohoa masizi. Na walipoanza kuumwa mapafu wakakuta karani yule yule, au mwanawe, kwenye dirisha lile lile: Lete ushahidi, kijana. Kati ya mwaka 2007 na 2020 zaidi ya madai saba katika kila kumi yaliyotaja mashimo hayo yalikataliwa.

Sheria iliyokuja kuwakomboa imepewa jina la mmoja wao, Heath Robinson, askari wa Ohio aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Ilikwisha kupita Seneti mwezi Juni 2022 kwa kura 84 dhidi ya 14, ikarudishwa kwa marekebisho madogo ya kiufundi, na mwishoni mwa Julai maseneta zaidi ya ishirini waliosema ndiyo wakasema hapana. Wagonjwa na wajane wakafanya nini? Wakalala kwenye ngazi za bunge. Jua likawawakia, mvua ikawanyeshea, wengine na mitungi ya oksijeni. Mchekeshaji Jon Stewart akawasemea kwa hasira mpaka televisheni ikashindwa kugeuza kamera. Tarehe 2 Agosti maseneta wakapiga kura tena: 86 kwa 11. Tarehe 10 Rais Biden akatia saini. Karatasi ilikuwa ile ile, hakuna utafiti mpya uliotoka katika wiki ile. Kilichobadilika ni aibu. Walioomba ushahidi miaka yote walikuwa wanaogopa kuonekana, si kukosea.

Sasa niwajibu wenye hoja, maana wapo na si wajinga.

Wa kwanza anasema: ni fedha nyingi mno. Kweli, sheria ya 2022 ilikadiriwa kugharimu kama dola bilioni 280 kwa miaka kumi. Lakini vita vyenyewe vilimeza matrilioni, na hakuna aliyeombwa ushahidi kabla ya kununua kombora. Mapafu ya askari ni sehemu ya bei ya vita. Waliopanga vita waliitoa bei hiyo kwenye hesabu ili vita vionekane rahisi, sasa ankara imefika wanashangaa. Tena umaskini usiwe kisingizio. Uingereza ilipofanya majaribio ya mabomu ya nyuklia kwenye kisiwa cha Krismasi, Pasifiki, mwaka 1957 na 1958, walikuwepo askari na mabaharia kutoka Fiji. Wakazeeka wakidai London. Mwaka 2015 serikali ya Fiji ikasema hatuwezi kungoja mpaka wafe wote, ikawalipa wazee wale kutoka mfuko wake yenyewe. Fiji! Nchi ambayo haikulipua hata baruti.

Wa pili anasema: walijitakia, kazi ya jeshi ni hatari. Wa Vietnam wengi waliandikishwa kwa lazima. Marekani iliacha utaratibu huo mwaka 1973 tu. Na hata huyu aliyejitolea kwenda Irak, mkataba wake ulikuwa na risasi za adui. Haukuwa na betri za kambi yake mwenyewe, zilizochomwa kwa amri ya wakubwa wake, kwa sababu mtambo mzuri wa kuchomea ulikuwa ghali.

Wa tatu ni wetu, anakaa nasi kijiweni, na huyu ndiye nimemngoja. Anasema: Mshkaji, hivi huna la kuandika? Hao si ndio waliokwenda kuunguza nchi za watu? Acha wale jeuri yao. Mbona hukumtaja Mvietnam?

Swali zuri sana. Jibu ni kwamba hoja ya askari yule, ukiifuata kwa unyoofu, haina pa kusimama mpaka ifike kwa Mvietnam. Ukikubali kwamba aliyepita miezi 12 chini ya miti ile achukuliwe kuwa ameathirika, utasemaje kwa mama aliyezaliwa hapo, akalima hapo, akavua samaki hapo? Msalaba Mwekundu wa Vietnam unakadiria walioathirika kufikia watu milioni 3. Wavietnam walikwenda New York kuyashtaki makampuni mwaka 2004. Jaji alikuwa Jack Weinstein, yule yule aliyesimamia mapatano ya 1984. Machi 2005 akaitupa kesi. Pamoja na mengine alisema kwamba dawa ya kuua majani haikuhesabiwa kuwa silaha ya sumu katika sheria za kimataifa za wakati ule. Unaona? Tumerudi kwenye dawa ya panya. Ukiita kitu dawa kwa muda wa kutosha, mahakama nayo itakuja kukiita dawa. Rufani ikashindwa 2008, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza 2009.

Bibi Tran To Nga, aliyekuwa mwandishi wa habari porini wakati wa vita, ambaye binti yake wa kwanza alikufa mchanga kwa ugonjwa wa moyo, aliyashtaki makampuni huko Ufaransa mwaka 2014. Alishindwa 2021, akashindwa tena Paris Agosti 2024, kwa sababu makampuni yalisema yalikuwa yakitekeleza agizo la dola. Serikali ya Marekani haishtakiki, na aliyeiuzia naye amejificha chini ya kanzu yake. Ni kweli Marekani ilishirikiana na Vietnam kuusafisha udongo wa uwanja wa ndege wa Da Nang, kazi iliyokwisha 2018, na imetoa misaada kwa walemavu. Lakini misaada hiyo hutolewa, kwa maneno yao, bila kujali chanzo cha ulemavu. Yaani: shika hii, ila usiseme ni mimi niliyekukanyaga. Askari wao hupewa kama haki, Mvietnam hupewa kama sadaka. Sumu ni moja.

Na usidhani jambo hili liko ng'ambo tu. Sheria ya 2022 ina orodha ya nchi ambazo askari wa Marekani aliyekuwepo huchukuliwa kuwa amevuta hewa yenye sumu. Irak imo, Kuwait imo. Oman imo, kwa wenye ndugu Muscat. Na Somalia imo, tangu tarehe 2 Agosti 1990. Isome tena hiyo: bunge la Marekani limekubali kwa sheria kwamba hewa ya kambi za Somalia ilitosha kumdhuru mtu. Waganda waliingia Mogadishu mwaka 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, Warundi wakafuata mwaka ule ule, Wakenya wakavuka mpaka 2011. Je, hewa ya Mogadishu ina uraia? Humtambua Mganda ikamwacha, ikamfuata kijana wa Texas? Kama kule kwao wamekubali kudhania, huku kwetu ni nani aliyeuliza swali hata mara moja?

Tena wapo wale ambao hawakuwa hata askari. Kuanzia mwaka 2005 maelfu ya vijana wa Uganda walipelekwa Irak na makampuni ya ulinzi kulinda mageti ya kambi za Marekani, na wenzao wa Kenya walikwenda pia. Mlinzi wa geti hachagui upepo. Alisimama saa kumi na mbili katika moshi ule ule, kwa mshahara ambao Mmarekani asingeuangalia mara mbili. Sheria ya Heath Robinson haimgusi, kwa sababu si askari mstaafu wa Marekani. Ipo sheria nyingine, ya mwaka 1941, inayoyalazimu makampuni kama hayo kuwakatia wafanyakazi bima. Nzuri kwenye karatasi. Lakini hapo mtu mmoja, yuko kijijini Masaka na kikohozi chake, anaanza kuandikiana na kampuni ya bima iliyo bara jingine, juu ya moshi uliozimika zamani. Ataambiwa nini? Unajua ataambiwa nini.

Kwa hiyo dai langu ni hili, na silipunguzi. Popote dola inapomtuma mtu mahali penye sumu, awe amevaa gwanda au fulana ya kampuni, awe na pasipoti ya rangi yoyote, mzigo wa ushahidi ubebwe na aliyemtuma. Aliyelala katika moshi adhaniwe amevuta moshi. Na anayetaka kukataa, yeye ndiye alete karatasi.

Nasi waandishi chipukizi tunahusika vipi? Tunahusika sana. Angalia hadithi zetu za vita zinavyokwisha. Bunduki zinanyamaza, shujaa anashuka kwenye lori, mchumba anakimbia kumlaki, mwisho. Nani kati yetu ameandika mwaka wa kumi na tano? Shujaa ameamka saa nane za usiku, anakohoa bafuni amefungua bomba ili mkewe asisikie. Hakuna bendera bafuni. Wahariri watakwambia haina mvuto. Waambie kwamba sheria tatu za Marekani, ya 1991, ya 2019 na ya 2022, zilianzia kwa watu waliokataa kuamini kwamba haina mvuto, na wa kwanza wao alikuwa karani mwenye daftari.

Kampala, Bujumbura, Mombasa, wapo watu waliorudi kutoka Baghdad na Mogadishu. Wanaendesha bodaboda, wanalinda maduka, wengine wamelazwa. Waulize maswali ya Maude deVictor: ulikuwa wapi, uliona nini, unaumwa nini. Andika tarehe. Andika jina la kambi na upande shimo lilipokuwa. Andika harufu. Usimtengenezee maneno mazuri, yaandike yake. Inawezekana maandishi hayo yasichapwe mwaka huu. Lakini siku atakaposimama mbele ya lile dirisha na kuulizwa kuna mtu gani wa kumtolea ushahidi, awe na cha kuweka mezani kilichoandikwa angali anapumua.